Uliza Ujibiwe: Leicester kashushwa na nani hasa?

Barua za safari hii karibu zote ni za mpira, na za mpira zenyewe karibu zote ni za kushuka daraja, sijui mmekaa kikao. Haya, twende.

Assalaam alaykum kaka wa safu. Mie ni Leicester tangu ule mwaka wa ubingwa, 2016, hapa Wete tulikuwa wachache mno na watu wakituona wehu. Sasa tumeshuka 2023, tukapanda, tumeshuka tena 2025, na barazani sina raha, kila nikikaa naulizwa Mbweha wako wapi. Wengine wanasema makocha ndo walioua, wengine wanasema uwanja wao umeingia mdudu, mechi tisa za nyumbani hakuna goli hata moja! Timu iliyobeba FA juzi tu 2021 inashukaje? Nani hasa kaishusha? — Mbweha wa Wete

Waalaykum salaam, na pole sana. Ntakwambia kitu wenzako hawatokipenda kwa sababu hakina mtu mmoja wa kumtukana: Leicester imeshukia ofisini, kwenye mishahara na mikataba, uwanjani walikuja kutangaziwa tu.

Hebu turudi nyuma. 2020 na 2021 wamemaliza wa tano, mara zote mbili Ligi ya Mabingwa imewaponyoka siku ya mwisho, lakini mishahara washaipandisha kama watu wanaocheza huko kila mwaka. Mwenye timu ni King Power, biashara ya maduka yasiyolipa ushuru kule viwanja vya ndege vya Thailand, korona ilipokuja ndege hazitui, abiria hamna, duka linamuuzia nani? Mfuko ukakauka. Hesabu za msimu wa 2021/22 zinaonesha hasara ya paundi milioni 92.5, msimu uliofuata hasara milioni 89.7, na mishahara huku imeshapita milioni 200. Sasa ikifika dirisha la usajili 2022 unanunua kwa nini?

Ndo mana hawakununua. Kasper Schmeichel kenda zake Nice, hawakuleta kipa wa kumrithi kikweli, Danny Ward aliyekuwa benchi akapewa glavu. Wesley Fofana kauzwa Chelsea dirisha liko mwishoni, akaletwa Wout Faes, na huyo ndo mchezaji pekee asiye kipa aliyenunuliwa dirisha zima, mmoja! Matokeo yake mechi saba za mwanzo wamepata pointi 1, wamekula magoli 22, sita kati ya hayo kwa Tottenham siku ambayo Son aliingia kutoka benchi akapiga hat trick. Msimu umeanza Agosti, mpaka Septemba hii timu ishajichimbia.

Na mikataba ndo usiseme. Tielemans, Söyüncü, Jonny Evans, Amartey, Mendy, wote walikuwa msimu wa mwisho wa mkataba kwa wakati mmoja. Sisemi walicheza ovyo makusudi, la, lakini chumba cha kubadilishia nguo ambacho nusu ya watu wanajua Juni hawapo si chumba cha kupigania kutoshuka. Halafu kumbuka hii klabu ilikuwa ikiishi kwa kununua rahisi na kuuza ghali tena kwa wakati wake, Kanté kauzwa, Mahrez aliyenunuliwa chini ya nusu milioni kauzwa, Maguire kauzwa United kwa milioni 80, Chilwell kauzwa. Kisha wakaacha. Tielemans aliyewatia goli la FA kaondoka bure kenda Aston Villa, Söyüncü bure kenda Atlético. Hapo ndo penye kidonda, mtu mzima unaachia mali ya mamilioni itoke mlangoni bila kupata hata senti.

Makocha nao wana lao, sikatai. Brendan Rodgers kaachwa mpaka tarehe 2 Aprili 2023, Dean Smith kaletwa zimebaki mechi nane, nane utajenga nini? Lakini tizama hii: Leicester msimu ule wamefunga magoli 51, Everton wamefunga 34, na aliyebaki ni Everton. Fowadi ilikuwa ipo. Nyuma ndo palikuwa wazi, na nyuma ndiko ambako hawakununua vya kutosha.

Ya 2025 mie naiona ni mwendelezo wa maradhi yaleyale. Walipanda na Enzo Maresca kwa pointi 97, Chelsea wakamchukua, akaja Steve Cooper akafukuzwa Novemba timu iko ya 16, nje ya shimo, akaja Ruud van Nistelrooy na hapo ndo zikaja zile tisa za nyumbani bila goli, rikodi hiyo, mpaka Liverpool wakaja wakawapiga moja tarehe 20 Aprili na habari ikaisha. Pointi 25. Uwanja hauna mdudu yakhe, straika alikuwa Jamie Vardy wa miaka 38. Kaondoka kwa heshima yake, magoli 200 mechi 500 kamili, ila timu ya Ligi Kuu kumtegemea mzee wa umri ule ni dalili kwamba miaka ilipita na hakuna aliyekaa akapanga.

Kaka, mie sio Leicester lakini hichi kitu kinaniuma. Ni kweli kwamba Maddison angetia ile penalti ya Everton, Leicester isingeshuka? Huku Jang'ombe tumekesha tunabishana. — B.H.

Kwa hesabu, ndio, ubishi wenu una msingi. Ilikuwa 1 Mei 2023, Leicester wako nyumbani wanaongoza 2-1, karibu na mapumziko wamepata penalti. James Maddison kaipiga katikati, na kipa wa Everton, Jordan Pickford, hakuruka, kabaki palepale kaudaka. Baadaye picha zikaonesha chupa yake ya maji ina karatasi ya majina ya wapigaji, kwa Maddison imeandikwa abaki alipo. Mtu kafanya kazi yake ya skuli! Mechi ikaisha 2-2.

Sasa piga hesabu. Ligi imeisha Everton ana 36, Leicester ana 34. Ile penalti ingeingia na mengine yote yabaki vilevile, Leicester anapata 36 na Everton anabaki na 35. Ndo hivo, kimpira ni mkwaju mmoja. Na siku ya mwisho yenyewe, 28 Mei, mechi zilianza saa 12 na nusu jioni kwa saa zetu, watu wametoka Magharibi wanakwenda kukaa mbele ya tivii, Harvey Barnes katia dakika ya 34 na kwa muda ule Leicester yuko juu ya mstari kwa tofauti ya magoli maana Everton alikuwa sare na Bournemouth. Dakika ya 57 Doucouré wa Everton akapiga lile shuti la nje ya boksi na mambo yakageuka, Leicester akashinda 2-1 na akashuka.

Lakini usimtwike Maddison peke yake. Timu yenye kipa na beki wa kueleweka haifiki Mei inategemea mkwaju.

Shikamoo ami. Mimi ni mwanafunzi Chake Chake. Nasikia timu ikishuka Uingereza inapewa pesa za parachuti. Kwa nini apewe aliyeshindwa? Mbona huku timu ikishuka haipewi kitu? — Form Three

Marahaba mwanangu. Zile pesa zimewekwa kwa sababu timu ina mikataba ya Ligi Kuu ila mapato yake yanaanguka kwa mara moja, ikiachwa hivohivo inafilisika. Kwa hiyo mwaka wa kwanza inapewa asilimia 55 ya lile fungu la televisheni ambalo timu zote za Ligi Kuu hugawana sawa, mwaka wa pili asilimia 45, wa tatu 20. Aliyekaa juu msimu mmoja tu anapata miaka miwili, hana wa tatu. Ukipanda tena zinasita. Timu za daraja la pili zinalalamika sana kwamba walioshuka wanashindana na wenzao huku mfukoni wamejaa, na mie nawaunga mkono, ndo mana unaona wanapanda na kushuka walewale.

Kuna kichekesho kimoja cha Leicester nikupe ukawaringie wenzio darasani. Ligi Kuu wakati ule ilikuwa na sheria ya hasara, usipite milioni 105 kwa miaka mitatu. Walitaka kuwashitaki kwa hesabu zilizoishia 30 Juni 2023. Leicester wakakata rufaa wakasema tarehe hiyo sisi hatumo tena katika ligi yenu, tushashuka, mnatushitaki kama nani? Septemba 2024 wakashinda. Yaani kushuka ndo kulikowaokoa.

Kwa nini huku hakuna? Hakuna televisheni inayolipa fedha za kugawana namna ile. Nitagusia zaidi kwenye barua ya katibu hapo chini.

Mwanangu wa miaka kumi na mbili kakataa kula tangu Leicester ishuke, sasa anataka kuhamia Liverpool kwa sababu ndo waliomshusha. Nimwachie? — Mama wa Mwanakwerekwe

Mwachie ale kwanza, bi mkubwa. Ya Liverpool ni makusudi tu, wiki mbili yatapita, muhimu asihamie na jezi mpya kwa pesa yako.

Ndugu, mimi ni katibu wa timu ya mtaani hapa Unguja, jina tulihifadhi. Msimu huu tumeshuka. Wachezaji sita wazuri wanataka kuondoka, wanachama wanataka kocha afukuzwe, na viongozi wawili hawapokei simu. Tunadaiwa. Tuanzie wapi? — Katibu

Bwana Katibu, barua yako nimeisoma yote hata zile kurasa ambazo hatukuzichapisha, na kusema kweli yako yananigusa kuliko ya Leicester, wao wana Mthai anaweka hela.

Anza na deni, kabla ya kocha. Kaa na mwekahazina muandike kila mnachodaiwa, dereva wa gari, mwenye kufua jezi, posho za wachezaji, nauli za boti mlipokwenda kucheza Pemba mkamkopa mtu, vyote kwenye daftari moja, kisha itisheni mkutano msome mbele ya wanachama. Najua mtapigiwa kelele. Lakini timu nyingi zetu hazijui hata zinadaiwa kiasi gani, deni liko kwenye simu ya mwenyekiti, na mwenyekiti akizima simu deni limehama naye.

Wachezaji sita waachieni, ila waachieni kwa karatasi. Mkizuia kijana asiende, atakaa nyumbani msimu mzima au atacheza ndondo, nyinyi hamkupata kitu na yeye kapotea. Mchezaji wa huku akiitwa na timu za vikosi, KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto au Mafunzo, anaona mbele kuna ajira, ana mshahara hata goti likivunjika, wewe timu ya uraiani unamshindania na nini? Na t-shati? Andikianeni na klabu inayomtaka, akiuzwa mbele nanyi mnapata fungu. Hata dogo. Hilo ndilo Leicester walilolisahau kwa Tielemans.

Halafu shukeni chini mtizame vijana wenu. Kama mna timu za Juvenile na Central basi msimu ujao jazeni humo, Daraja la Kwanza ni pazuri pa kumkomaza mtoto wa miaka 19 kuliko kukusanya wazee walioachwa na timu tatu. Na kocha, kama alipewa timu isiyolipwa posho akaifikisha mpaka mechi ya mwisho bila wachezaji kugoma, mie ningembakisha. Wanachama wakitaka kichwa, wapeni vya wale wawili wasiopokea simu.

Mtu asikwambie timu ya uraiani haiwezi. Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF 1995, na Mlandege kachukua Kombe la Mapinduzi 2023 kisha akalitetea 2024 kwa kumfunga Simba moja bila, Simba huyuhuyu wa mabilioni. Kombe lakini ni mechi chache, morali tu inakufikisha. Ligi inataka nauli kila wiki, na nauli ndo iliyowashusha nyinyi, kwa nilivyosoma.

Je, imewahi bingwa mtetezi kushuka daraja Uingereza msimu unaofuata? Mie nasema haijawahi, rafiki yangu anasema imewahi. Aliyeshindwa ananunua kahawa Jaws Corner mwezi mzima. — Msomaji, Mji Mkongwe

Imewahi. Manchester City, bingwa 1937, kashuka 1938, tena msimu huo alioshuka kafunga magoli 80, hakuna timu iliyofunga mengi zaidi katika ligi nzima. Rafiki yako kapatia. Na kashata nazo ziwe juu yako, ubishi wa kushindwa haulipwi kahawa kavu.