Kwa wanaoanza kuchukua sampuli za chaza: msiichagulie bahari siku nzuri

Wadogo zangu, nimeyapitia madaftari yenu ya mwezi uliopita na nimesikitika. Kila ukurasa umeandikwa "jua, upepo mdogo", na kila sampuli ya kupima uchafu wa kinyesi imechukuliwa maji yakiwa yamejaa, pale boti inapofika bila mtu kulowana. Ni makosa yale yale tuliyoyafanya sisi tuliowatangulia, na sipendi kuyaona yakirithiwa kama shamba la mikarafuu. Nawaandikia kwa mapenzi, lakini pia kwa haraka, kwa kuwa vuli imekaribia.

1. Chupa. Ishikeni kwenye kitako, muizamishe mdomo ukiwa chini, kisha muigeuze ielekee mkondo unakotoka, ili maji yaliyopita mkononi mwenu yasiingie ndani. Bakisheni nafasi ya hewa ili mtu wa maabara apate kuitikisa. Kizibo hakiwekwi mchangani hata kidogo.

2. Chaza wenyewe. Huoshwa kwa maji ya pale pale walipookotwa, wakaachwa wachuruzike, kisha wakatiwa mfukoni. Hawalowekwi kwenye ndoo, kwa sababu chaza aliye hai atafunua gamba na kuanza kuchuja, na mtakachokipima kitakuwa ni maji ya ndoo. Ndani ya deli wasigusane na barafu. Aliyefunua gamba mgongeni, asipofunga, mtoeni. Maji yaliyomo ndani ya gamba nayo ni sehemu ya sampuli, kwani kiwango cha Ulaya cha E. coli (bakteria wa kinyesi) 230 kwa kila gramu 100 huhesabu nyama pamoja na maji hayo. Juma lililopita nilimtazama kijana mmoja, mwenye mkono mwepesi wa kisu kuliko wenzake wote, akikiinamisha kila chaza juu ya sinki kabla ya kukwangua nyama, kwa imani kwamba anasafisha. Nilimshika mkono, tukaanza upya na chaza wengine. Hakununa, na hilo lilinifurahisha kuliko kisu chake.

3. Siku ya kwenda pwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Tulipoanza, ratiba yetu ilifuata gari na mafuta, haikufuata bahari. Masika yakiingia, njia hujaa matope na daftari hulowa, basi tukawa tunaahirisha mpaka mambo yatulie. Sampuli zetu nyingi zikawa za kipupwe. Majibu yalikuwa mazuri mno: mirija ya kuoteshea bakteria, ambamo gesi ni dalili kwamba wapo, ilikaa safu kwa safu bila povu la gesi, na wastani wetu wa koliform wa kinyesi, yaani kundi la bakteria alimo E. coli, ulikuwa chini ya 14 kwa mililita 100 za maji, kiwango ambacho Wamarekani hukitumia kuliruhusu eneo la kuvunia. Tulikwenda kwa akina mama wanaookota chaza na kombe, tukawaeleza kwa furaha kwamba pwani yao ni safi. Walitushukuru, wakatupikia.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha, na kwa kuwa gari lilikuwa limeshapangwa, tulikwenda asubuhi yake maji yakiwa yamekupwa. Siku mbili baadaye mirija yote ilikuwa na gesi, ya maji yasiyozimuliwa na ya maji yaliyozimuliwa pia, hata jedwali la kugeuza hesabu ya mirija kuwa idadi ya bakteria likakosa namba ya kutupa isipokuwa "zaidi ya 1,600". Tulidhani tumechafua vifaa. Tulirudia kila kitu, tukaweka na chupa ya maji safi ya kulinganishia. Chupa hiyo ilibaki safi, na maji ya pwani yakatoa gesi tena. Tuliporudi kuwaeleza akina mama, mmoja wao, mtu mzima ambaye pwani ile ameijua tangu utotoni, alituuliza kwa upole: "Wanangu, mlipotwambia pwani yetu safi, mlikuja siku gani?" Hatukuwa na la kumjibu. Kuna nyumba waliyokuwa wakiharisha watoto siku zile. Hakuna aliyewapima, kwa hiyo siwezi kusema ilitokana na chaza, wala siwezi kusema haikutokana nao, na jambo hilo halijanitoka moyoni.

Sababu mnaijua. Unguja, kwa sehemu kubwa, tumekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na mashimo ya vyoo yamechimbwa humo humo. Mvua kubwa huyasukuma yaliyomo hadi pwani, na maji yanapokupwa hayana wingi wa kuzimua uchafu huo. Kwa upande wa Mji Mkongwe maji taka huingia baharini kwa mabomba, mvua iwepo isiwepo.

Ndiyo maana huwasisitizia msome utaratibu wa Marekani, ambako kila jimbo la pwani hupima maji yake na kuyagawa maeneo yake. Utaratibu huo ulianza mwaka 1925, baada ya homa ya matumbo iliyotokana na chaza kuwapata watu wapatao 1,500 katika miji kama New York na Chicago na kuua takriban 150. Leo wana njia mbili kuu za kupima. Katika ya kwanza, kila kituo hupimwa angalau mara 5 kwa mwaka katika hali mbaya kabisa, kama vile baada ya mvua, na hutumiwa sampuli 15 za karibuni. Katika ya pili, tarehe hupangwa mapema, angalau mara 6 kwa mwaka, na hutumiwa sampuli 30 za karibuni. Siku ikifika mtu huenda, mbingu iwe imefunga au imefunguka. Katika njia zote mbili, kungoja jua hakumo.

4. Moto. Kuchemsha huua bakteria, lakini ile sumu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambayo chaza huikusanya wanapochuja maji na ambayo hupooza misuli ya mlaji, haiondoki kwa kupikwa. Wapemba hawahitaji kufundishwa kwamba bahari ina sumu zisizojali jiko: Machi 2024, Kisiwa Panza, nyama ya kasa iliua watu 9, na 8 kati yao walikuwa watoto. Msimwambie mtu yeyote kwamba akichemsha sana basi yu salama.

5. Majibu. Mirija ya kwanza hukaa hadi saa 48 na ya kuthibitisha saa 24 nyingine, na chaza mliopima wenzao huwa wameliwa jioni ile ile. Kwa hiyo jibu la maabara haliwezi kumkinga mlaji wa leo. Wamarekani hulitatua hilo kwa kipimamvua: yapo maeneo yanayofungwa mara tu mvua inapofikia kiasi kilichokubaliwa, kabla ya chupa yoyote kujazwa, na hayafunguliwi mpaka muda uliowekwa upite. Kila kituo chetu kiwe na kipimamvua, kisomwe kila asubuhi saa tatu, na kila kijiji tuwe na simu ya mama mmoja wa kupigiwa kabla maji hayajakupwa. Ratiba ya vuli nimeibandika mlangoni. Tarehe zimeshaandikwa kwa wino, na makoti ya mvua yamo kabatini.