Weka chini hiyo chupa ya maziwa

Weka chini hiyo chupa, hata kabla hujamaliza kusoma.

Umeandika kwamba digidigi kagongwa na bodaboda barabara ya Kondoa, mguu umevunjika, unataka kumnywesha maziwa ya ng'ombe "apate nguvu" halafu umfunge mguu. Maziwa hayo hayo ndiyo yaliyomuua wa kwangu, tena nikiwa na huruma tele.

Mnyama aliyepata mshtuko hamezi vizuri. Ukimminia kwa bomba la sindano utaona koo linacheza, utadhani anakunywa, kumbe yanateremkia mapafuni. Atakohoa kidogo, maziwa yatamtoka puani, atapumua kwa kukoroma. Ukiona hivyo umechelewa: siku 2 au 3 mbele ni nyumonia, kisha unachimba shimo nyuma ya choo. Hata yakipita njia yake, digidigi mkubwa anacheua kama mbuzi; maziwa yatamchachia tumboni avimbe ubavu wa kushoto. Maji ya kulazimisha? Yale yale. Glukosi? Yale yale. Yule bwana wa duka la dawa za mifugo aliyeniambia "mpe tu, ndama wanapona hivyo hivyo" sijui aliona ndama gani wa kilo 5. Siku hizi hata dawa ya kupe siinunui kwake.

HAKUNA KITU MDOMONI mpaka daktari wa mifugo amwone.

Tafuta boksi la kumtosha kulala, si la kurukia. Toboa matundu pembeni, tandika gunia asiteleze. Mlaze kifudifudi, miguu ameikunja chini yake, kichwa kimeinuka. Ukimlaza ubavu gesi inambana na cheuo kinarudi kooni. Mfunike macho kwa kitambaa, pua ibaki wazi. Watoto, mbwa na wapiga picha wote nje! Jamii ya swala hufa hata kwa kushikwashikwa: hofu inaharibu misuli, moyo unasimama. Usiku kukiwa na baridi, chupa ya maji ya vuguvugu iviringishe kwenye kanga umwekee pembeni, si chini yake.

Na afisa wanyamapori wa halmashauri umpigie leo leo, au TAWA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, digidigi uani bila kibali ni nyara ya serikali, awe hai awe mfu. Jaribu kumweleza askari kwamba ulikuwa unamnyonyesha.