Nilirudi kutoka Ngazija na begi jepesi

Juma lililopita kijana mmoja wa Likoni aliniandikia. Ana kazi bandarini Kilindini, amechukua gari kwa mkopo, na bado, asema, "kaka, kila nikiamka kifua kinanibana." Anauliza kama akienda ng'ambo kujitolea, kama nilivyofanya mimi, atapata raha. Nimelala na swali hilo siku tatu.

Mwaka 2018 nilikuwa nimepanga Nyali, nyumba ambayo kodi yake ilikula nusu ya mshahara wangu. Runinga pana kama mlango, simu mpya kila mwaka. Mama yangu, Kisauni, alikuwa akinunua maji ya mkokoteni, mtungi mmoja mmoja wa lita 20. Nilikuwa nikimpitia Ijumaa, nikimwachia noti mbili na kuondoka. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikaacha kazi, nikaenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kufundisha Kiingereza mwaka mzima bila mshahara. Habari za makaratasi na safari nisikuchoshe nazo. Kijiji kilikuwa kwenye mteremko wa Karthala, volkano yenye urefu wa mita 2,361. Mvua huko hunyesha sana, lakini mwamba una matundu, maji yanazama yote, mto hakuna. Kwa hiyo watu hukinga mvua ya paani kwenye birika la saruji, na hayo ndiyo maji ya kunywa, kupikia na kutawadhia.

Mwenyeji wangu, niliyemwita shangazi, alinikabidhi kopo la nyanya lililotiwa mkono wa waya. Asubuhi makopo manne, jioni manne. Kiangazi kilipokolea, birika la jirani likakauka. Shangazi alitumbukiza mwanzi katika letu, akautoa, akapima kwa kidole sehemu iliyolowa. Haikufika kiwiko. Akamwita mtoto wa jirani aje na ndoo, akamjazia, ndipo akachota yetu. Hakusema neno. Mimi nimesimama na kopo langu, namuwaza mama na mtungi wake.

Lakini asikudanganye mtu kwamba maskini hawataki mali. Vijana wa Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, hupanda viboti vya kwasa kuvuka kilomita kama 70 hadi kisiwa cha Maore (Mayotte), kilichobaki chini ya Ufaransa, na wengine hawafiki. Kakake shangazi alifanya kazi Marseille miaka mingi akiweka akiba ya anda, ile harusi kuu ya Ngazija. Bila anda, hata uwe na mvi, hujawa mdru mdzima, yaani mtu mzima mbele ya wenzio. Akiba yote ikaishia kwenye ng'ombe, wali, na dhahabu ya bibi harusi. Nilikasirika, na hadi leo sioni kwamba ni busara. Ila nilimwona asubuhi yake barazani, mfuko mtupu, akisalimiwa na mji mzima. Gari langu halikuwahi kunipa uso ule.

Niliporudi, jamaa walijaa sebuleni wakilitazama begi. Mmoja akasema, "Mwaka mzima ng'ambo, ndiyo waja na karafuu?" Wakacheka. Aliyekuwa mchumba wangu hakucheka, lakini miezi miwili baadaye kwao walirudisha posa. Nimesamehe. Kusahau bado.

Kijana wangu, usipande ndege kukimbia kifua. Kama mkopo wa gari ndio unaokunyima usingizi, liuze. Nakwambia tena, liuze, na wacha watakaosema waseme. Acheni, vijana wa Mombasa, kununua vitu ili mtazamwe! Ukiamua kwenda, nenda na ujuzi wanaouhitaji, la sivyo utakuwa mdomo mmoja zaidi kwenye birika la watu. Na kabla ya hapo nenda kwa mzazi wako, ukae, usiangalie saa, uulize maji yanatoka wapi.

Mimi runinga niliiuza, nikamnunulia mama tangi la lita 2,000 na mifereji ya paani. Masika yalipoingia, usiku wa kwanza hakulala, alikaa kitandani akisikiliza maji yakianguka ndani ya tangi. Jumamosi hii tunafunga mifereji kwa jirani yake. Njoo, na kama una ngazi ndefu, uje nayo.