Barua kwa mwanangu: kicheko cha mtoto na ganzi ya wodini

Mwanangu,

Salamu kutoka Mpwapwa. Hatujambo, ila mvua bado inatuzungusha. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu, na miaka yake mitatu, alimsukuma mtoto wa jirani pale bombani Nkuhungu, mwenzake akachubuka goti, yeye akacheka. Unauliza huruma mtu huzaliwa nayo au hufundishwa. Halafu chini kabisa umetupia kamstari kamoja: siku hizi wagonjwa unaowauguza wanalia wodini na wewe husikii kitu moyoni.

Nianze na mdogo. Kile kicheko si roho mbaya. Mtoto wa umri ule akishtuka anaweza kucheka, au anakusoma uso ajue amefanya nini. Mbegu anayo tangu kuzaliwa: kichanga akisikia kichanga mwenzake analia, naye huangua kilio. Kinachochelewa ni kujua kwamba moyo wa mwenzake si wake. Mwaka 1997, huko Marekani, Betty Repacholi na Alison Gopnik walilionyesha hilo kwa chakula tu. Mtu mzima anaonja brokoli, mboga ya kijani, na kuifurahia, anaonja biskuti na kukunja uso, kisha ananyoosha mkono kuomba. Watoto wa miezi 14 wengi walimpa biskuti, maana ndizo wanazozipenda wao. Wa miezi 18 wengi walimpa brokoli.

Kwa hiyo kazi yako ni kumgeuza macho. Ikitokea tena, mshike kwanza aliyeumia, bila kelele. Kisha chuchumaa, uso wako uwe sawa na wake, useme sentensi mbili, zisizidi tatu: "Umemsukuma, akaanguka. Tazama goti lake linatoka damu, ndiyo maana analia." Nyamaza, atazame. Halafu mpe kazi ya mikono: ashike kopo la maji wakati unaliosha goti. Yote papo hapo. Ukisubiri baba yake arudi jioni, hataunganisha.

Fimbo inaharibu. Anayechapwa anaitazama fimbo na maumivu yake mwenyewe. Goti la mwenzake limeshasahaulika. Kosa jingine, na hili tunalo karibu sote, ni kumshurutisha: "Sema pole!" Anaitema kama kasuku, anakimbia kucheza. Tena tunamchanganya, maana pole tunampa yeyote aliyepatwa, hata aliyejikwaa mwenyewe njiani; samahani ni ya aliyekosa. Akusikie wewe ukimpa pole muuza mboga aliyelowa, atajua ni ya nini. Samahani yenye uzito itakuja kwenye miaka minne, mitano hivi, anapoelewa kwamba mwenzake ana mawazo yake kichwani.

Sasa wewe. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwapima wanafunzi wa theolojia kule Princeton, Marekani: njiani waliwekewa mtu amejikunja, anakohoa. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari za Msamaria Mwema! Basi usijiite mkatili kabla hujahesabu vitanda unavyohudumia zamu moja.

Wala usijilazimishe kulia na kila mgonjwa. Anayeyabeba maumivu ya wodi nzima mwishowe huyakimbia, na kukimbia huko ndiyo hiyo ganzi. Chagua tendo moja. Kabla ya sindano, achia toroli, mwite kwa jina, muulize, "Nini kinakusumbua zaidi leo?" kisha subiri pumzi mbili bila kugusa chochote. Usibahatishe. Bibi wa Bahi aliyenyamaza utadhani anaogopa sindano, kumbe anawaza nani atawanywesha mbuzi. Mbuzi huwezi kuwanywesha wewe, lakini ndugu yake aliyekaa nje kwenye benchi unaweza kumwita.

Jumamosi nakuja. Nina karanga, vifuko viwili vya kilo moja moja. Kimoja ni cha mwenye goti. Mjukuu wangu atakipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwao; usimbebee.

Mama yako