Muulize Fundi wa Ndege: Transponda ya Kununua kwa Mtu

SWALI: Salaam fundi. Nina Cessna 172 ya mwaka 1974, iko uwanja wa Wilson. Transponda yake ya zamani (kile chombo kinachoijibu rada hii ni ndege gani na iko futi ngapi), ya modi A na C, yaani namba na urefu tu, imekufa kabisa. Kuna jamaa ananiuzia used ya modi S yenye ADS-B, ile inayotangaza yenyewe mahali ndege ilipo, ilitolewa kwa ndege ya Marekani, anasema ni kuchomeka tu na kuruka. Nimwamini?
Rubani wa Jumapili, Nairobi

JIBU: Salaam kaka. Kuchomeka tu ni pale unapotoa boksi na kurudisha boksi la aina ileile, trei ileile, waya zilezile nyuma. Wewe unabadilisha aina, kwa hiyo trei inatoka, pini za nyuma zinabadilika, na waya nyingi zinavutwa upya. Kabla hujatoa hela muulize pia inakula volti ngapi, maana 172 ya mwaka huo ni volti 14, hizi za baadaye ndo volti 28.

Alafu kuna hili ambalo jamaa hajakwambia. Modi S ina anwani yake, ya biti 24, kila ndege duniani ina yake na inatolewa pamoja na usajili. Za Marekani zinaanza na A, za Kenya zinaanza na 04C. Ukiwasha hilo boksi bila kubadilisha anwani, wewe uko juu ya Ngong lakini kwenye skrini za watu ni ndege ya mtu wa huko Texas sijui. Namba yako waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, fundi anaiingiza kwenye seting pamoja na usajili wako. Na hiyo ADS-B angalia kama boksi lina GPS ndani, kama halina lazima liunganishwe na GPS iliyokubaliwa kwa kazi hiyo, na ile ya tableti yako usiitaje mbele ya fundi atakucheka.

Sasa tuje kwenye antena, maana ndo watu wanapoibania hela. Unanunua boksi la maana unaliunganisha na antena iliyokaa chini ya tumbo la ndege tangu 1974, imejaa oili na masizi ya injini, alafu unashangaa waongoza ndege wanakwambia hawakuoni. Ile antena ni kijiti tu cha kama sentimita 7, robo ya wimbi la megahetzi 1090, ila inategemea bati la tumbo kufanya kazi. Ifungue uone chini yake, mara nyingi utakuta kutu nyeupe na rangi ambayo mtu alipaka wakati wa kupendezesha ndege. Hapo inakwanguliwa mpaka bati ling'ae, inasafishwa, ndo antena inarudi. Na kijiti chenyewe kisipakwe rangi. Mwenye ndege ya turubai au faiba anahitaji bati la kuweka kwa ndani, bila hivo antena haina cha kuegemea.

Waya wa antena nao usirudishe ule wa zamani. RG-58 inapoteza nguvu nyingi kwenye masafa haya, siku hizi tunaweka RG-400, fupi iwezekanavyo na bila kukunjwa kona kali. Ukipoteza desibeli 3 njiani ujue nusu ya nguvu uliyolipia imeishia kwenye waya.

Baki enkoda, kile kidude kinachosoma presha na kuiambia transponda uko futi ngapi. Kimeungwa kwenye bomba la statiki, la presha ya hewa ya nje, bomba hilohilo linalolisha altimita na spidi yako, kwa hiyo fundi akiligusa ni lazima lipimwe kama linavuja. Kipimo cha Wamarekani kwa ndege kama yako ni kwamba ukivuta mpaka futi 1000 juu ya uwanja, kwa dakika moja isipotee zaidi ya futi 100. Asiyekuwa na mashine ya kupimia hivo usimpe kazi, hata kama ni shemeji yako. Na awe chini ya karakana iliyoidhinishwa, aandike kwenye logibuku, arekebishe na hesabu ya uzito wa ndege, la sivyo siku ya ajali bima watakuuliza maswali magumu sana.

Kwa hiyo boksi la jamaa nunua kama bei ni nzuri na lina karatasi zake za kuthibitisha linafaa kufungwa kwenye ndege. Bila karatasi mwachie.

SWALI: Fundi, nikigeuza altimita kuweka QNH (presha ya hewa ya siku hiyo pale uwanjani), mbona urefu wangu kwenye rada haubadiliki? Enkoda mbovu?
Mwanafunzi wa urubani, Arusha

JIBU: Nzima kabisa dada. Enkoda haijui kwamba kuna kitufe umezungusha, yenyewe inatuma siku zote kwa presha ya 1013, ile ya kawaida ya wote, na kompyuta ya rada ndo inayosahihisha kwa QNH ya pale. Ingekuwa kila rubani anatuma kwa seting yake ingekuwa vurugu, na ndege kubwa zinatumia namba hiyohiyo kukukwepa. Ukitaka kuipima mwenyewe weka altimita 1013 kisha linganisha na inachoonyesha transponda, ikipishana zaidi ya futi 125 mwite fundi.

SWALI: Hivi ni kweli nikizungusha vibaya namba za transponda naweza kuita polisi?
Bila jina, Mwanza

JIBU: Zile za vitufe vya kuzungusha, ndiyo, ukipita kwenye 7500 hata kwa sekunde unaweza kuonekana umetekwa, 7600 redio imekufa, 7700 dharura. Weka kwanza standbai, yaani imewaka ila haitumi, badilisha namba, rudisha ALT, yaani inatuma pamoja na urefu. Na usisahau hiyo ALT, wengi wanaruka na standbai mpaka Dodoma.