Potasiamu kwenye dripu ya mgonjwa anayepandikizwa figo

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya dawa za usingizi. Mgonjwa wetu wa kupandikizwa figo aliingia thieta akiwa na potasiamu ya milimoli 5.4 kwa lita. Nilitaka kumtundikia dripu ya Ringer laktati, nikazuiwa: "Hiyo ina potasiamu, mpe nomo salini," yaani dripu ya maji ya chumvi. Tukampa lita 4 za salini. Tulipomaliza, potasiamu ilikuwa 6.1. Tulikosea wapi? Na maji yanatakiwa kiasi gani, kabla na baada ya figo kuunganishwa?

JIBU: Marahaba, daktari. Ulichotaka kufanya kilikuwa sahihi. Aliyekuzuia alifundishwa hivyo, kama nilivyofundishwa mimi, na nimeshaona wagonjwa wakilipia fundisho hilo.

Piga hesabu. Lita moja ya Ringer ina potasiamu milimoli 4 hadi 5 tu, na damu ya mgonjwa wako ilikuwa na 5.4. Huwezi kupandisha kiwango cha juu kwa kukichanganya na cha chini. Sasa tazama salini: haina potasiamu hata chembe, lakini ina kloridi milimoli 154 kwa lita, wakati damu ya kawaida ina takriban 100. Lita 4 za namna hiyo zinaongeza asidi kwenye damu. Asidi ikizidi, potasiamu inatoka ndani ya seli na kuingia kwenye damu. Mwenye figo nzima angeikojoa. Wako hana pa kuipeleka. Kloridi nyingi pia inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, yaani pale pale unapotaka ifunguke.

Haya yamepimwa. Mwaka 2005 ulitoka utafiti mdogo wa wagonjwa 51 wa upandikizaji: katika kundi la salini, asilimia 19 walivuka potasiamu 6 wakahitaji tiba, katika kundi la Ringer, hakuna hata mmoja. Mwaka 2023 ukaja mkubwa zaidi kutoka Australia na New Zealand, wagonjwa 808 waliopewa figo za watu waliofariki. Waliopata Plasma-Lyte 148, dripu ambayo kloridi yake inakaribiana na ya damu, asilimia 30 figo zao zilichelewa kuanza kazi. Waliopata salini, asilimia 40. Tofauti hiyo ni watu wanaorudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu wiki ile ile ya upasuaji. Kwangu, kama Plasma-Lyte ipo, natumia hiyo. Kama haipo, Ringer. Angalizo moja: Ringer ina kalsiamu, kwa hiyo usiipitishe mpira mmoja na damu ya kuongezewa.

Kuhusu kiasi, usitafute namba moja ya kila mtu. Uliza kwanza alisafishwa damu lini, walitoa maji kiasi gani, na leo yuko juu au chini ya uzito wake mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada mwilini. Aliyekamuliwa sana jana yake anaingia thieta mkavu, na presha itashuka mara tu unapomlaza usingizi. Uliza pia kwa siku anakojoa kiasi gani kwa figo zake za zamani. Swali hili husahaulika, halafu usiku mkojo unatoka na watu wanafurahia figo mpya kumbe ni zile za zamani.

Dakika inayohitaji macho yako ni ile daktari wa upasuaji anapoachia vibanio vilivyobana mishipa ya damu. Figo iliyokuwa ya kijivu na baridi inapata rangi ya waridi na kujaa mkononi mwake. Mishipa yake ya fahamu imekatwa na imekaa bila damu, kwa hiyo mtiririko wake unategemea presha unayoipeleka wewe. Nataka wakati huo wastani wa presha uwe 80 au zaidi, na mgonjwa awe ameshajazwa maji. Mpe mililita 250, tazama moyo unaitikia vipi, ndipo uongeze. Zamani tulijaza hadi presha ya mshipa mkuu wa vena ifike 10 hadi 15. Namba hiyo haikuambii kama moyo utafaidika na maji zaidi, na mapafu ndiyo yanayoumia. Akishajaa na presha bado iko chini, noradrenalini kidogo, dawa ya kupandisha presha, inafaa. Dripu zilizotengenezwa kwa wanga (starch) achana nazo kabisa, na dopamini ya "kuamsha figo" haina faida iliyothibitishwa.

Baada ya hapo pima mkojo kila saa na urudishe maji kulingana na mkojo unaotoka. Figo ya mtoaji aliye hai inaweza kumwaga mamia ya mililita kwa saa. Ukifukuzia kila tone, maji unayorudisha yenyewe yanazalisha mkojo zaidi. Ukipita mililita 200 hivi kwa saa, mimi narudisha sehemu tu, na napima sodiamu, potasiamu na magnesiamu kila baada ya saa chache.

Mkojo ukikatika ghafla, usikimbilie dripu wala furosemidi, dawa ya kukojoza. Kagua mpira wa mkojo kwanza: donge la damu linatosha kuuziba. Ukiwa wazi, na mgonjwa hana upungufu wa maji, omba altrasaundi ya mishipa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, kwa sababu figo ambayo mshipa wake umeziba haisubiri asubuhi.