Udongo wa Kiwanja Chako: Injinia Anajibu Maswali ya Wasomaji

SWALI: Habari za kazi injinia. Nina kiwanja huku Moshi upande wa tambarare, udongo ni ule mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mguu unaingia, masika unanata balaa. Nataka kupandisha ghorofa moja. Watu wa kupima udongo walikuja mwezi wa pili wakapiga nyundo, ripoti inasema kwenye mita moja na nusu N ni 22. Fundi anasema hapo ni pagumu tumwage tu msingi wa kawaida. Naomba ushauri kaka, hela yenyewe nimedunduliza. (Mama wa Moshi)

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hujamwaga zege, na nakuomba usimwage kwanza.

Hiyo N ni hesabu ya mapigo. Wanachimba shimo, wanashusha bomba la kuchukulia sampuli, halafu nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa idondoke sentimita 76 na kulipigilia bomba chini. Wanahesabu mapigo ya kila sentimita 15 mara tatu, zile 15 za kwanza hazihesabiwi kwa sababu sehemu ya juu imeshavurugwa na uchimbaji, za pili na za tatu zinajumlishwa ndo unapata N. Kwa udongo wa mfinyanzi kama wako, 22 kweli ni mgumu sana, fundi wako kwenye hilo hajakosea.

Shida ni mwezi wa pili. Udongo mweusi ukiwa mkavu unakuwa mgumu kupita kiasi, nyundo inagonga mara nyingi na namba inatoka nzuri, ila masika ikishaanza mwezi wa tatu udongo uleule unakunywa maji, unalainika na unavimba, na ukivimba unainyanyua nyumba, tena haiinyanyui sawasawa maana kona iliyo karibu na bomba la maji inapanda zaidi ya kona iliyo kavu, hapo ndo zinaanza zile nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Nyundo haipimi kuvimba! Inapima ugumu wa siku ile tu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu watu wanalipia kipimo kizuri halafu wanasoma namba moja wanafunga ripoti.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa hao waliopima, uliza zile sampuli zilizotoka kwenye bomba ziko wapi, ziende maabara zikapimwe unyevu, viwango vya kunata na kufinyangika (yaani ni kwa maji kiasi gani udongo unaanza kufinyangika, na kwa kiasi gani unakuwa kama uji), na kiasi cha kuvimba. Majibu hayo ndo mpe injinia wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yeye ataamua kama mnashuka chini mpaka pale ambapo unyevu haubadilikibadiliki, au mnatoa udongo mweusi na kujaza moramu iliyoshindiliwa vizuri, au mnamwaga jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima. Mimi sijaona kiwanja kwa hiyo siwezi kukuchagulia. Ila lolote atakalochagua, weka gata, maji ya paa yapelekwe mbali na msingi, sakafia pembezoni mwa nyumba, na miti mikubwa isikae karibu na ukuta.

SWALI: Shikamoo injinia. Niko Usa River. Walipofika mita tatu nyundo ikagoma, mapigo 50 na bomba halijamaliza hata sentimita 15, wakasema wamegusa mwamba wakafunga kazi. Niwaamini? (Kijana mjenzi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiwaamini bado. Wewe uko chini ya Meru, na mlima huo maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka ukamwaga mawe na matope mpaka mbali sana, kwa hiyo ukanda huo una majiwe makubwa yamezama ndani ya udongo laini. Nyundo ikigonga jiwe la namna hiyo inagoma vilevile kama imegonga mwamba. Nguzo moja ikikaa juu ya jiwe na mwenzake ikakaa kwenye majivu laini ya volkano, moja itazama nyingine itabaki. Waambie wasogee mita chache wachimbe tena, au walete mashine ya kukata mwamba walitoboe hilo jiwe wakaone chini yake kuna nini. Na mashimo yawe zaidi ya moja, yafike kina cha angalau mara moja na nusu ya upana wa kitako cha nguzo (lile zege pana linalobeba nguzo chini ya ardhi), kuanzia pale kitako kinapokaa kwenda chini, maana uzito wa nyumba unasikika mpaka huko.

Uliza pia nyundo wanainyanyuaje. Kama ni ya kuvutwa kwa kamba, nguvu nyingine inapotea njiani, kwa hiyo namba inatakiwa isahihishwe kabla injinia hajaitumia. Ripoti nzuri inaonyesha marekebisho hayo.

SWALI: Jirani yangu Arusha kapima udongo mwaka jana, naweza kutumia ripoti yake?

JIBU: Isome ikusaidie kujua utegemee nini na uchimbe mpaka wapi. Kuchora msingi kwa hiyo, hapana. Kama nyumba yako ni ya chini tu, zungumza na injinia, mara nyingi mashimo ya mkono ya mita 2 mpaka 3 pamoja na kile kipimo kidogo cha koni, ambapo nyundo ya kilo 8 inapigilia ncha ya chuma ardhini, yanatosha kuanzia, na gharama yake ni ndogo kuliko mashine kubwa.